WALIOIPAMBA PWANI BILA KUACHA JINA

Ingia Mji Mkongwe wa Unguja mchana wowote, utawakuta watu wamesimama mbele ya mlango wanapiga picha. Watalii wapo, maharusi wapo, na wale wa kutafuta laiki mtandaoni nao hawakosekani. Mtembeza wageni atawaambia nyumba ilikuwa ya nani: tajiri wa karafuu, kadhi, au ndugu wa Sultani. Mwaka wa kujengwa nao atautaja. Ila kuna swali moja ambalo hata wageni wenyewe hawaliulizi: huu mlango kachonga nani?

Hajulikani. Wala siyo huyo mmoja tu. Pwani ya Waswahili, kuanzia Barawa na Lamu kaskazini hadi Kilwa kusini, imejaa kazi za wasanii ambao majina yao hayakuandikwa popote. Walichonga jiwe, wakakata chokaa, wakachonga mbao, wakasuka majani, wakadarizi kofia na kuchora hina mikononi mwa maharusi. Vifaa vinatofautiana, lakini mapambo yanafanana kwa namna ya kushangaza: ua, jani, mmea unaotambaa, samaki, wimbi. Yaani mtu akilijua ua la mlangoni, atalikuta tena kwenye ukuta, kwenye kofia na kwenye kiganja cha bibi harusi.

Cha ajabu zaidi ni kwamba majina kwenye kazi hizi yapo. Tena yapo mengi. Shida ni kwamba siyo ya waliozifanya.

Jiwe la Kizimkazi

Kusini mwa Unguja, Kizimkazi Dimbani, kuna msikiti ambao ukiuona kwa nje huwezi kuudhania chochote. Umejengwa upya karne ya 18, bati juu, kuta nyeupe. Ingia ndani utazame upande wa kibla. Kuna maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kufi, yamechongwa kwenye tumbawe, herufi zake zimerefushwa na kusukwa kama matawi. Maandishi hayo yanataja mwaka 500 wa Hijra, ambao ni 1107 kwa kalenda ya Miladi. Ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi yenye tarehe katika pwani yote ya Afrika Mashariki.

Yanataja pia aliyeamuru msikiti ujengwe. Aliyezichonga herufi hizo hakutajwa.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Tumbawe la kuchonga halichimbwi nchi kavu kama jiwe la kujengea ukuta. Ni aina maalumu inayokatwa baharini ikiwa bado hai. Likitoka majini huwa laini, linakatika kwa patasi kama muhogo. Likikaa nje likakauka, linakuwa gumu na kudumu karne na karne. Kwa hiyo fundi ana muda mfupi. Lazima ajue anachotaka kuchonga kabla jiwe halijaanza kukaza, na akikosea harudi nyuma. Mtu aliyefanya kazi hii ilibidi aijue bahari kama mvuvi, alijue jiwe kama mwashi, na aijue herufi kama mwalimu wa chuo.

Msikitini hakuchongwi sura ya mtu wala ya mnyama. Ndiyo maana mafundi wa pwani waligeukia majani, maua na maumbo ya hesabu. Wengine wanaona hilo kama kizuizi. Kwa fundi, ilikuwa ni sababu ya kukaa na ua moja maisha yake yote mpaka akajua kulichonga kwa namna mia.

Chokaa ya Lamu na Pate

Ukivuka mipaka kwenda kaskazini, kwenye nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, pambo linahama kutoka kwenye jiwe kwenda kwenye chokaa. Matumbawe yanachomwa kwa kuni nyingi mpaka yanakuwa unga, unga unalowekwa na kuachwa uive, halafu unapigwa ukutani. Fundi anachonga wakati chokaa haijakauka.

Humo ndani ndimo zilimo zidaka, zile tundu za ukutani zilizopangwa safu kwa safu kama masega ya nyuki. Kila kidaka kina ukingo wake uliochongwa, na ukitazama vizuri utaona majani yanayofuatana, maua yaliyokatwa nusu, na mizunguko inayofanana na kamba. Humo ndani ziliwekwa sahani na mabakuli ya kauri kutoka China. Mwanga ukiingia kutoka uani, kivuli kinaingia kwenye michongo na ukuta mzima unaonekana kama pazia.

Ajabu ni kwamba uzuri wote huu uliwekwa ndani kabisa, kwenye vyumba vya familia, mahali ambapo mpita njia asingefika. Kwa nje nyumba ilikuwa ukuta mtupu. Kwa hiyo fundi wa zidaka hakuonwa na mji. Alionwa na mwenye nyumba, mke wake, watoto wao, na wanawake waliokuja siku ya harusi kumtazama bibi harusi.

Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Sababu zilizotajwa ni pamoja na ujenzi huu wa matumbawe, boriti za mikoko na milango ya kuchonga. Dunia nzima ikaisifu kazi ya watu ambao hakuna aliyewajua.

Mlango

Sasa turudi mlangoni. Mbao zake zinaweza kuwa msaji ulioletwa kwa meli, au miti ya huku huku kama mbambakofi na mfenesi. Pembeni kuna miimo miwili, chini kizingiti, katikati ubao unaofunika maungio ya pande mbili, unaoitwa mfaa. Juu kuna ubao mpana, na hapo ndipo fundi alipomaliza ujuzi wake wote.

Tazama miimo ya milango mingi ya Unguja. Chini kabisa yuko samaki, au magamba yake, pamoja na mistari ya mawimbi. Kutoka hapo mmea unapanda, unajikunja kushoto na kulia, unatoa majani, mpaka unafika juu kwenye ua au tende. Bahari iko chini, bustani iko juu. Fundi ameichukua nchi yake nzima akaisimamisha kwenye ubao mmoja.

Watembeza wageni wanayo maelezo ya kila alama: samaki ni uzazi, mtende ni neema, mnyororo ni usalama, mti wa ubani ni utajiri. Maelezo ni matamu na wageni wanayapenda. Lakini ni masimulizi, hakuna fundi wa zamani aliyeyaandika. Hata ile misumari mikubwa ya shaba yenye ncha, inayosemekana India iliwekwa kuwazuia tembo wa vita, hapa Unguja ilikuwa pambo tu. Tembo wa vita wa kupita Mkunazini angetoka wapi?

Kinachojulikana kwa hakika ni namna ua linavyochorwa, na mtu yeyote anaweza kujaribu nyumbani. Chukua bikari, chora duara. Usibadilishe upana. Weka ncha popote kwenye mstari wa duara, chora upinde unaopita katikati. Hamia pale upinde ulipokata duara, chora tena. Ukifanya hivyo mara sita unarudi ulikoanzia, na katikati limetokea ua la petali sita. Huhitaji namba, huhitaji rula. Ndilo ua linaloonekana kwenye milango, kwenye chokaa na kwenye masanduku. Fundi aliyelijua aliweza kulipeleka kwenye kifaa chochote alichopewa.

Mitindo nayo ilichanganyika. Milango ya zamani yenye asili ya Kiarabu ina juu iliyonyooka, mara nyingi na maandishi. Milango ya Kigujarati imegawanywa vijisanduku vidogo vidogo. Ile ya tao juu, yenye majani mengi ya kujikunja, ilishamiri kuelekea mwisho wa karne ya 19, wakati mafundi kutoka India walipokuwa na kazi nyingi Unguja. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, walikuwa na mkono wao wenyewe wa kuchonga, na mji ule ule ulisifika kwa viatu vya ngozi na samani. Fundi wa pwani hakujifunga kwenye kitu kimoja.

Na kwenye ubao wa juu wa baadhi ya milango kuna maandishi: aya ya Kurani, mwaka, na jina la mwenye nyumba. Fundi alichonga jina la mtu mwingine kwa uangalifu mkubwa, herufi kwa herufi, halafu akakusanya patasi zake akaenda zake.

Majani, uzi na ngozi

Mpaka hapa waliotajwa ni wanaume. Lakini ua lile lile lilikuwa na maisha mengine, mikononi mwa wanawake.

Mwanamke anakaa barazani na kitita cha ukindu. Majani yamechanwa, yameanikwa, mengine yamechemshwa na rangi. Anasuka ukili, ule mkanda mrefu mwembamba, bila mchoro wowote mbele yake. Anahesabu kwa vidole: juu mbili, chini moja, ruka. Rangi zinajitokeza zenyewe kadiri mkanda unavyorefuka, na siku mikanda inaposhonwa pamoja kuwa mkeka, pembe za mkanda huu zinakutana na pembe za mkanda ule. Hesabu yote ilikuwa kichwani mwake tangu mwanzo. Mkeka huo utaliwa juu yake, utaswaliwa juu yake, utalaliwa na mgonjwa, na mwisho utachakaa. Makumbusho hayahifadhi mikeka mingi, maana mkeka ulitengenezwa ili utumike uishe.

Kofia ya mkono nayo ni hivyo hivyo. Ni kitambaa cheupe, vipande viwili, duara la juu na ukanda wa pembeni. Msanii anachora maua na nyota, anatoboa vitundu vidogo mno, kisha anazungushia kila kitundu uzi. Vitundu ni pambo, na pia ndivyo vinavyopitisha hewa kichwani. Kofia moja nzuri inaweza kumaliza wiki nyingi, hata miezi. Kumma wanayovaa wanaume wa Oman ina undugu wa karibu na kofia hii, matokeo ya watu kwenda na kurudi kati ya Muscat na Unguja. Mwanamume anaivaa Ijumaa, anasifiwa msikitini kwamba leo kapendeza. Aliyemfanya apendeze yuko nyumbani, macho yanamuuma.

Halafu kuna hina. Hapa maumbile siyo mfano wa kuiga tu, ndiyo wino wenyewe. Majani ya mhina yanakaushwa, yanatwangwa, yanachanganywa na maji ya ndimu, na bibi anayejua kazi anachora mti mzima wa maua kutoka ncha za vidole mpaka kwenye kiwiko. Anachora haraka, kwenye ngozi hai inayotikisika, bibi harusi anacheka, shangazi wanaimba. Baada ya wiki mbili tatu pambo limefutika. Hakuna sanaa ya pwani inayoishi muda mfupi kuliko hii. Pengine ndiyo sababu wengi hawaiiti sanaa.

Kanga ina jina

Mfano wa mwisho kila nyumba inao. Kanga ilianza kuvaliwa pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19, na inasemekana ilipewa jina la ndege kanga kwa sababu ya madoa madoa yake. Pambo maarufu kuliko yote kwenye kanga ni korosho, na maua ya kila aina hufuata.

Kanga ina sehemu tatu. Pindo ni ukingo wake. Mji ni sehemu ya katikati. Ya tatu ni ule msemo ulioandikwa chini, na Waswahili wanauita jina. Hebu fikiria: kitambaa chenyewe kina jina, lakini aliyekichora hana.

Kumbe kuna hata jina la mfanyabiashara. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kama Abdulla, lilianza mapema karne ya 20 kuchapa kanga zenye alama ya “Mali ya Abdulla”. Alama hiyo imevaliwa na bibi na wajukuu zao. Kanga zilichapwa Uingereza, Uholanzi, India na Japani, baadaye pia kwenye viwanda vya hapa nyumbani kama Urafiki cha Dar es Salaam. Mwenye duka akajulikana na kiwanda kikajulikana. Mchoraji wa lile korosho akabaki nje ya pindo.

Ilikuwaje wakasahauliwa?

Jibu la haraka ambalo watu hupenda kulitoa ni unyenyekevu: mafundi wa zamani walimwachia Mungu sifa. Inawezekana wapo walioona hivyo. Lakini siyo wote, na jibu hilo peke yake linaficha mambo.

La kwanza, kazi ilikuwa ya karakana. Baba alichora, mtoto akachimba, mwanafunzi akasugua. Mlango mmoja ulipita mikono mitatu au minne.

La pili, kazi iliitwa ufundi. Fundi hulipwa, na akishalipwa hana haki nyingine juu ya kitu alichokitengeneza.

La tatu, kazi za wanawake zilihesabiwa kama shughuli za nyumbani. Mtaani kila mtu alijua kofia ya nani inashinda kofia ya nani. Sifa hiyo ilivuka uwanja wa nyumba, haikufika kwenye daftari.

La nne ni zito kuliko yote. Kati ya mafundi wa karne ya 18 na 19 walikuwepo watumwa. Unguja, mtumwa aliyejua useremala au uashi aliweza kupelekwa mjini kufanya kazi ya ujira, na sehemu ya ujira huo ikaenda kwa bwana wake. Kukata mikoko, kuzoa matumbawe, kuchoma chokaa, kubeba mawe, kazi hizi zilibebwa kwa sehemu kubwa na watu wasio huru. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907. Milango mingi inayopigwa picha leo ilichongwa kabla ya tarehe hizo. Mtu ambaye hakumiliki hata mkono wake mwenyewe angeandikaje jina kwenye mlango wa bwana?

Kwa hiyo ukimya ule wa mlangoni siyo wa namna moja. Pengine mtu alinyamaza kwa hiari yake. Mahali pengine alinyamazishwa.

Hasara yake leo

Mtu anaweza kusema, yaliyopita si ndwele, mradi mlango upo. Tatizo ni kwamba mlango wenyewe unaondoka. Mingi imeng'olewa na kuuzwa, mingine imeishia kwenye mahoteli na majumba ya watu wa mbali. Kitu kisicho na jina la aliyekitengeneza ni rahisi kukihamisha. Kinabaki kuwa “mlango wa Zanzibar”, basi, kama vile umeota wenyewe kama mnazi.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883 na lenye milango mikubwa ya kuchonga, iliporomoka. Watu wawili walipoteza maisha. Jina la Sultani linajulikana, na mwaka unajulikana. Lakini kazi za namna hii zikitaka kutengenezwa upya, anayehitajika ni fundi aliyefundishwa na fundi aliyefundishwa na fundi. Huo mnyororo ndio uliobeba ujuzi, na huwezi kuufuatilia kirahisi wakati pete zake hazina majina.

Kofia za mashine zimejaa sokoni zikiwa na maua yale yale, kwa bei ambayo mama wa kofia ya mkono hawezi kuifikia. Maua ya hina yanachapwa kama stika. Hakuna wa kudai, kwa sababu pambo halina mwenyewe kwenye karatasi.

Waliochonga Kizimkazi hawawezi tena kuulizwa. Lakini kazi hizi hazijaisha. Lamu bado kuna karakana ambako patasi zinagonga mchana kutwa. Barazani bado kuna wanawake wanaosuka ukili huku wakipiga soga. Kwenye kila harusi bado kuna mtu aliyekuja na kikombe cha hina, akakaa saa tano chini kwenye mkeka, akala wali wake akaondoka kimya.

Huyo ana jina. Siku picha za mikono ya bibi harusi zinapowekwa mtandaoni, jina la mpiga picha huandikwa, la mpambaji ukumbi huandikwa, na la mshona gauni nalo halisahauliki. Nafasi ya jina moja zaidi haikosekani. Na kofia ikinunuliwa kwa mkono wa aliyeishona, kabla ya kuulizwa bei, aulizwe anaitwa nani.